Nani Aruhusiwe Kumwandikia Mraibu Dawa?

Leo tunaanzia mbali, Marekani, tunapita Ufaransa na Uingereza, kisha tunarudi nyumbani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Jambo lenyewe ni la sheria, lakini usizime redio, kwa maana ni sheria inayoamua nani apone na nani afe.

Wachukulie wagonjwa wawili wamekwenda kwa daktari mmoja, siku moja, katika mji wowote wa Marekani. Wa kwanza ana maumivu makali ya mgongo ambayo dawa nyingine zimeshindwa kuyatuliza. Wa pili ni mraibu wa heroini, amechoka, anataka kuacha. Daktari anajua kwamba methadoni ingewafaa wote wawili. Yule wa mgongo anaandikiwa, anakwenda kuichukua duka la dawa la jirani, anarudi nayo nyumbani. Yule mraibu haandikiwi. Ni daktari yuleyule, kalamu ileile na dawa ileile; lakini akiandika kwamba dawa hiyo ni ya kutibu uraibu, amevunja sheria ya nchi. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo ninapozungumza nawe.

Imekuwaje? Turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1914 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Harrison. Kwa sura ilikuwa sheria ya kodi, lakini kazi yake ilikuwa kudhibiti afyuni na kokeini. Iliwaachia madaktari nafasi: wangeweza kuandika dawa hizo mradi wanafanya kazi yao ya udaktari. Sasa, kumpa mraibu dozi ya kila siku ili asiugue, je, hiyo ni kazi ya udaktari? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1919, katika kesi ya Webb, daktari wa mji wa Memphis, aliyeshtakiwa pamoja na mfamasia. Mahakama ikajibu kwamba hapana. Kumwandikia mraibu dawa ili tu aendelee kujisikia vizuri si matibabu. Baada ya hapo madaktari wengi wakashtakiwa, wengine wakafungwa, na kliniki za miji zilizokuwa zikiwahudumia waraibu zikafungwa moja baada ya nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aliyebaki akawa amejifunza somo: mraibu akibisha hodi, usimfungulie.

Hali ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Kisha katikati ya miaka ya 1960, jijini New York, daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander wakaanza kuwapa waraibu sugu wa heroini methadoni ya kunywa.

Hapa inafaa tueleze kidogo dawa yenyewe inavyofanya kazi. Heroini ikiisha mwilini, mraibu anashikwa na arosto. Anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamtoka, vinyweleo vinasimama, tumbo linamkata na kuhara, mifupa inamuuma kana kwamba imepondwa. Saa chache baadaye anaitafuta tena, na mara nyingi haitafuti kwa starehe, anaitafuta ili asimame wima tu. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, inakaa mahali palepale katika ubongo, lakini inaingia taratibu na inadumu siku nzima. Mtu akinywa dozi iliyopimwa vizuri, halewi wala hapati arosto. Anaweza kwenda kazini, kulea watoto, kulala usiku. Dawa ya moto ni moto, walisema wazee wetu, na hapa wamesadikika.

Serikali ya Rais Nixon iliikubali dawa hiyo. Mwaka 1971 wanajeshi walikuwa wakirudi kutoka Vietnam wakiwa na uraibu wa heroini, na Ikulu ilihitaji jibu la haraka. Lakini ilikubaliwa kwa masharti. Kanuni za mwaka 1972 na sheria ya mwaka 1974 ziliamuru kwamba methadoni ya waraibu itolewe katika kliniki maalumu tu, zenye kibali chake, wakaguzi wake na mafaili yake. Daktari wa kawaida hakuruhusiwa kuiandika, wala duka la dawa kuitoa.

Ukitaka kujua maisha ya kliniki hizo yalivyo, tazama dirisha la dawa asubuhi. Mgonjwa anafika kabla ya kazi, anapanga foleni, anataja jina, anaonyesha kitambulisho. Muuguzi anampimia maji ya dawa kwenye kikombe kidogo. Anakunywa palepale, mbele ya macho. Pengine anaambiwa atamke neno moja mbili ili ionekane amemeza na hakuificha shavuni. Kisha anaondoka, na kesho anarudi. Kwa anayekaa mtaa wa pili hiyo ni nusu saa. Kwa anayeishi kijijini ambako kliniki ya karibu iko mwendo wa saa mbili kwa gari, ni kazi nyingine ya kutwa isiyo na mshahara.

Halafu ikaja dawa ya pili, buprenofini. Hii ni kidonge au karatasi nyembamba inayowekwa chini ya ulimi mpaka iyeyuke. Ukiimeza, sehemu kubwa inapotea bure. Ina sifa moja kubwa inayoitofautisha na methadoni: nguvu yake ina kikomo. Mtu akizidisha vidonge, uwezo wa dawa hiyo wa kuzuia pumzi hauendelei kupanda kama ule wa heroini au methadoni. Haina maana kwamba haina hatari. Ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kuua. Na inaanzishwa kwa uangalifu, mgonjwa anasubiri kwanza arosto ianze, vinginevyo dawa yenyewe inaweza kumtia kwenye arosto kali ya ghafla. Lakini kwa jumla ni dawa ambayo daktari wa kawaida, akifundishwa kidogo, anaiweza.

Bunge la Marekani likaona hivyo pia, ila kwa jicho moja. Mwaka 2000 lilipitisha sheria iliyomruhusu daktari kuandika dawa ya aina hii ofisini kwake, na mwaka 2002 buprenofini ikaidhinishwa kwa kazi hiyo. Masharti yalikuwaje? Daktari asome mafunzo ya saa 8. Aombe kibali maalumu. Apewe namba ya pili ya usajili, inayoanza na herufi X, ambayo lazima ionekane kwenye kila cheti cha dawa pamoja na namba yake ya kawaida. Na asiwe na zaidi ya wagonjwa 30 kwa wakati mmoja. Baadaye kikomo kikapandishwa hadi 100 kwa waliokwisha kuwa na kibali kwa mwaka mzima, na mwaka 2016 hadi 275 kwa waliotimiza masharti zaidi.

Sasa linganisha, msikilizaji. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilikuwa imeingiza sokoni OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii hiyohiyo ya afyuni, ambacho kilikuja kuwa moja ya milango mikubwa ya janga la uraibu nchini humo. Kukiandika kidonge hicho, daktari hakuhitaji namba ya X. Sheria ya taifa haikumwekea saa 8 za mafunzo wala haikumhesabia wagonjwa 30. Aliyetaka kuandika dawa iliyowatia watu katika uraibu alikuwa na njia nyeupe, na aliyetaka kuandika dawa ya kuwatoa akakutana na geti, mlinzi na daftari la kusaini.

Matokeo yake yalitabirika. Madaktari wasiofika mmoja kati ya kumi ndio waliochukua kibali, na wengi wa waliochukua hawakukaribia hata kile kikomo cha wagonjwa. Kaunti nyingi za vijijini hazikuwa na mwenye kibali hata mmoja. Wauguzi wenye mamlaka ya kutibu na wasaidizi wa madaktari, ambao vijijini ndio wanaobeba zahanati, walifungiwa nje kabisa hadi sheria ya mwaka 2016 ilipowaruhusu, nao kwa kuwaongezea mzigo: mafunzo ya saa 24, mara tatu ya yale ya daktari.

Wakati huohuo kulikuwa na nchi iliyofuata njia tofauti. Ufaransa, kuanzia mwaka 1996, iliruhusu daktari yeyote wa kawaida kuandika buprenofini kwa mraibu, bila kibali cha pekee. Kati ya mwaka 1995 na 1999, idadi ya wagonjwa waliotibiwa ilipanda kwa kasi, na vifo vya kuzidisha dozi vikashuka kwa takribani asilimia 79. Nisikufiche upande wa pili: wapo Wafaransa waliovisaga vidonge hivyo na kujidunga, na wapo waliozunguka kwa madaktari kadhaa ili wapate vya kuuza. Serikali ilibana ukaguzi, haikufunga mlango. Uingereza nako, methadoni ya uraibu huandikwa na daktari wa kawaida na kuchukuliwa duka la dawa; leseni ya pekee ya serikali inatakiwa kwa dawa chache tu, heroini ya hospitali ikiwa mojawapo.

Kilichoifanya Marekani ibadilike ni makaburi. Fentanili, yenye nguvu kuliko heroini mara nyingi, iliingia mitaani, na mwaka 2021 peke yake watu zaidi ya 100,000 walikufa kwa kuzidisha dozi za dawa mbalimbali, wengi wao kwa fentanili na ndugu zake. Tarehe 29 Desemba 2022, ndani ya sheria ndefu ya bajeti, kibali cha X kikafutwa. Ukomo wa wagonjwa ukaondoka nao. Tangu siku hiyo, mwenye usajili wa kawaida wa kuandika dawa zinazodhibitiwa za kundi la buprenofini anaweza kuiandika, akifuata sheria za jimbo lake.

Kuna jambo dogo katika sheria hiyo ambalo nalipenda sana. Zile saa 8 za mafunzo hazikutupwa. Zilihamishwa. Kuanzia Juni 2023, kila anayeomba au kuhuisha usajili wa kuandika dawa zinazodhibitiwa anatakiwa awe amesoma saa 8 kuhusu uraibu, mara moja tu katika maisha yake ya kazi, isipokuwa madaktari wa mifugo. Zamani somo lilikuwa adhabu ya yule mmoja aliyejitolea kumhudumia mraibu. Sasa ni wajibu wa kila mwenye kalamu inayoweza kumtia mtu katika uraibu. Kwangu mimi, hapo ndipo busara ya mabadiliko yale ilipo.

Lakini tusishangilie mapema. Baada ya kibali kufutwa, idadi ya waandikaji wa buprenofini iliongezeka. Idadi ya wagonjwa wanaoipata haikuongezeka kwa kiasi kilichotarajiwa. Kwa nini? Kwa sababu sheria inaweza kumruhusu daktari, haiwezi kumpa moyo. Kizazi kizima cha madaktari kililelewa kikiamini kwamba mraibu ni mgonjwa wa mtu mwingine. Yapo maduka ya dawa yasiyoweka buprenofini kwa kuogopa kutiliwa shaka na wakaguzi. Zipo bima zinazotaka karatasi hii na ile kabla ya kulipa. Hofu iliyojengwa kwa sheria kwa miaka mia moja haiondoki kwa kufuta ibara moja mwishoni mwa mwaka.

Na methadoni? Methadoni ya uraibu imebaki ndani ya kliniki. Wakati wa korona, mwaka 2020, serikali ililegeza kamba: mgonjwa aliyetulia aliweza kupewa dozi za hadi siku 28 akanywe nyumbani, na mwaka 2024 ulegezaji huo ukaingizwa katika kanuni za kudumu. Wapo wabunge waliopeleka muswada ili madaktari bingwa wa uraibu waiandike na ichukuliwe duka la dawa. Wenye kliniki wengi wameupinga, na hadi sasa ninapoandaa mazungumzo haya haujawa sheria.

Sasa turudi nyumbani, maana hadithi hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Heroini ya Afghanistani husafiri kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi hadi pwani yetu, na sehemu yake hubaki hapahapa, mitaani kwetu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara hili kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke, Zanzibar, na baadaye mikoa kama Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Uganda ikaanza Butabika mwaka 2020. Fedha na utaalamu mwingi wa mwanzo ulitoka Marekani, kupitia mpango wake wa kupambana na UKIMWI, kwa sababu waraibu wanaochangia sindano walikuwa wakiambukizwa virusi kwa kasi ya kutisha.

Pamoja na fedha hizo ukaja mtindo: kliniki maalumu, dirisha la dawa, kikombe kidogo, kila siku. Ninaueleza bila kuubeza. Mtindo huo umeokoa watu ninaowaona mitaani wakiuza samaki, wakiendesha bajaji, wakiswalisha, watu ambao majirani walikwisha kuwaita mateja na kuwafuta. Lakini mgonjwa anayetoka Mbagala kila asubuhi kwenda kunywa dawa anahitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku, Jumapili kwa Jumapili. Kibarua chake kinaanza saa moja. Akichagua kazi, anakosa dozi. Akichagua dozi, anakosa kazi. Nauli imewarudisha wengi kwenye unga.

Najua wapo wanaonisikiliza na kutikisa kichwa. Muuguzi wa kliniki ataniambia: bwana, wewe hujamwona mtoto aliyekunywa methadoni ya baba yake akidhani ni sharubati. Ana haki. Methadoni hujirundika mwilini taratibu, na dozi inayomfaa aliyezoea inaweza kumuua asiyezoea. Mwingine ataniambia kwamba ni madaktari haohao wa Marekani, wenye kalamu huru, waliofurika nchi kwa vidonge vya maumivu. Naye ana haki. Kalamu ya daktari inahitaji sheria.

Ninachosema ni kwamba sheria hiyo ipime hatari ya dawa, isipime heshima ya mgonjwa. Kama methadoni ni hatari, basi ni hatari kwa mwenye mgongo na kwa mraibu. Iwekewe tahadhari zinazolingana kwa wote wawili, na chupa yenye kifuniko kigumu kwa mwenye watoto. Kama buprenofini ina kikomo cha nguvu kinachopunguza hatari, basi tabibu wa kituo cha afya aliyefunzwa na anayesimamiwa afikiriwe, hasa wilayani ambako bingwa wa magonjwa ya akili hajawahi kukanyaga. Nchi zetu zimekwisha kufanya jambo la namna hii. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kwa madaktari wachache katika hospitali kubwa. Leo matabibu na wauguzi wanazitoa vituoni, na mgonjwa aliyetulia anapewa za miezi kadhaa. Hatukuuliza kwanza aliambukizwa vipi. Mgonjwa haulizwi uji.

Kwa hiyo mbunge wako akija kijiweni kuomba kura, na suala la dawa za kulevya likatajwa, kama linavyotajwa siku zote kwa maneno ya kukamata na kufunga, mwulize maswali matatu. Katika wilaya yetu, nani ameruhusiwa kumtibu mraibu? Yuko umbali gani na nauli yake ni kiasi gani? Na aliyetulia mwaka mzima, kwa nini asipewe dozi za wiki akafanye kazi?

Na kama una ndugu anayetumia heroini, usisubiri sheria. Kliniki za methadoni za serikali hapa Tanzania hutoa tiba bila malipo. Kwa Dar es Salaam anza na Muhimbili, Mwananyamala au Temeke. Ukiwa mkoani, iulize hospitali yako ya rufaa. Kwa ndugu zetu wa Kenya, zipo Mathari, Malindi na Kisauni ya Mombasa. Msindikize siku ya kwanza, maana siku hiyo ndiyo ngumu. Na aliyekwisha kuanza asiikatishe dawa ghafla kwa maneno ya watu. Azungumze kwanza na anayemtibu.